"NIPE PESA LEO, NITAHAMA KESHO": TUUKATAE UUZAJI WA NAMNA HII



Katika Laini Saba kuna desturi moja ambayo imekula jasho la watu wetu kwa miaka mingi, na chama kimeinyamazia mno. Desturi yenyewe ni hii. Mtu anauza ploti yake ya mabati, anapokea pesa, lakini hatoki. Ukimwuliza mbona hatoki, anakujibu ya kwamba kule anakohamia bado hakujawa tayari. Nyumba anayoinunua Rongai mwenyewe hajaondoka, au fundi hajaezeka, au karatasi ziko kwa wakili. Kwa hivyo, ngoja kidogo. Nawe unangoja. Mwezi unapita, na wa pili, na wa sita. Pesa zimekwenda, nyumba huna.

Sisi twaiita desturi hiyo kwa jina lake: ni mkopo usio na riba, ambao mfanya kazi anamkopesha mwenye nyumba bila yeye mwenyewe kujua ya kuwa anakopesha.

Tupige hesabu, maana hesabu haina haya. Tuseme ploti ina rumu 10 na bei yake ni shilingi 600,000. Mwenzetu anakopa shilingi 300,000 katika sako, riba ni asilimia 1 kwa mwezi, na atalipa kwa miezi 36. Atakatwa karibu shilingi 10,000 kila mwezi. Makato hayo hayangoji mtu ahame. Yanaanza kwenye mshahara unaofuata. Sasa mwenye ploti anakaa miezi 8 zaidi ya siku aliyoahidi. Kwa muda huo mwenzetu amekatwa karibu shilingi 80,000, na pale anapoishi amelipa kodi ya shilingi 3,500 kila mwezi, yaani 28,000. Jumla 108,000, na bado hajapata hata ufunguo.

Na yule muuzaji je? Yeye anakaa rumu moja, na zile 9 anazikusanyia kodi. Ikiwa kila rumu ni shilingi 3,000, kwa miezi 8 ameingiza shilingi 216,000. Hizo ni juu ya zile 300,000 alizopewa. Basi mmoja ametokwa na laki na zaidi, mwingine ameingiza laki mbili na zaidi, na ploti ni ile ile moja. Ndugu, hapo nani anamlisha nani?

PESA ZIMEKWENDA WAPI?

Wengi hudhani muuzaji amezificha. Mara nyingi hakuzificha. Amezipeleka Rongai au Kitengela, amempa mtu mwingine ambaye naye anauza na hajahama, kwa sababu naye anangoja kwingine. Huko England mambo kama haya wanayaita mnyororo: mimi nangoja wewe, wewe wangoja yule, yule angoja mwingine. Lakini tofauti ni kubwa. Huko mnunuzi kwa desturi hatoi arubuni mpaka siku mikataba inapobadilishwa, na kwa kawaida mnyororo wote huhama siku moja. Mnyororo ukikatika kabla ya hapo, mnunuzi hupoteza gharama za wakili na za ukaguzi wa nyumba. Hapa kwetu mnyororo ukikatika mnunuzi hupoteza akiba ya maisha, kwa sababu pesa zilikwisha kupita mikono mitatu kabla ya mtu yeyote kufunga godoro lake.

Na mnyororo hukatika kwa mambo madogo. Mtu wa mbele amepata mnunuzi mwenye bei kubwa zaidi. Mkopo wa mtu fulani umekataliwa. Mwenye shamba amekufa na watoto wanagombana. Kila mmoja aliye nyuma anasimama. Na ukidai pesa zako zirudi, unaambiwa hazipo. Ni kweli hazipo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisi watu wa reli tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Katika njia moja ya reli, stesheni masta haachilii gari mpaka stesheni ya mbele ijibu ya kuwa njia ni wazi. Dereva hata awe rafiki yake, hata abiria wapige kelele, gari haliondoki. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu watu walikufa. Lakini mfanya kazi huyo huyo akitoka kazini jioni anaachilia akiba yake yote iende, wala hajauliza kama njia ya mbele ni wazi!

KWA NINI TUNANUNUA HUKO

Kuna watakaosema: si lazima mununue Laini Saba. Maneno hayo ni rahisi kwa mwenye nyumba ya mawe. Zamani shirika la reli lilikuwa na nyumba za watu wake, kama zile landhi za Muthurwa. Nyumba hizo zikawa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanya kazi wa reli. Mwaka 2010 ubomoaji ulianza huku wapangaji wangali humo. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua ya kwamba haki zao zilivunjwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Lakini katiba haimpi mtu ufunguo. Mfanya kazi wa mshahara mdogo hutafuta pale mkono wake unapofika, na hapo ni mabati ya Kibera na Kawangware.

Tena tukumbuke tunachonunua. Kibera walikalishwa askari Wanubi wa King's African Rifles tangu mwanzo wa karne iliyopita, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza kuwa ardhi ya jeshi. Hati hawakupewa. Ni mwaka 2017 tu ambapo Wanubi walipata hati ya ekari 288. Sehemu nyingine kubwa ilibaki ardhi ya serikali. Kwa hivyo anayeuza ploti Laini Saba hakuuzii ardhi. Anakuuzia mabati, mbao, udongo, na nafasi ya kukusanya kodi ambayo majirani, mzee wa kijiji na chifu wanaitambua. Hakuna ofisi ya serikali itakayoandika jina lako katika daftari la ardhi.

Kwa sababu hiyo hatari yetu ni mara mbili. Unapongoja miezi 8 ili mtu ahame, serikali haikungojei wewe. Mwaka 2004 shirika la reli lilitoa notisi ya siku 30 kwa waliojenga kando ya njia. Mwezi wa Julai 2018 nyumba, shule na makanisa yalibomolewa Kibera ili kupisha barabara ya kutoka Ngong Road kwenda Lang'ata Road. Kama ulikuwa umelipa na hujaingia, wewe ulivunjiwa nini? Jina lako halikuwa katika orodha yoyote. Muuzaji ndiye aliyeandikwa, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mlangoni. Kila siku ya kungoja ni siku ambayo hasara ni yako na faida ni yake.

MAJIBU YETU KWA WANAOTETEA DESTURI HII

Wa kwanza wanasema: "Huyu mzee ana watoto, unataka umtupe wapi?" Sisi hatutaki mtu yeyote atupwe. Sisi ndio tunaojua kutupwa nje ni nini. Twasema tu ya kwamba mtu asiyekuwa na mahali pa kwenda bado hajawa muuzaji. Na akaye kwanza, atafute kwanza, kisha ndipo apokee pesa. Au akitaka kupokea mapema, ahamie nyumba ya kupanga na alipe kodi kama sisi tunavyolipa. Kwa nini ni mnunuzi tu anayetakiwa kuvumilia?

Wa pili wanasema: "Hapa Laini Saba tunaishi kwa kuaminiana." Vyema. Ahadi ni deni, nasi twaheshimu uaminifu. Lakini uaminifu wa namna gani huu, unaomtaka mmoja atoe pesa na mwingine atoe maneno? Mwaminifu haogopi kuandika siku ya kuhama. Anayeogopa kuandika siku hiyo ameshakujibu.

Wa tatu ni wajanja zaidi. Wanasema: "Karatasi haina kazi, maana ardhi ni ya serikali." Hapo wamechanganya mambo mawili. Ni kweli ya kwamba karatasi ya chifu haiwezi kukupa ardhi. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa, na hata hivyo mtu hawezi kuuza asichokimiliki. Lakini pesa ulizotoa ni pesa zako, na deni la pesa linadaiwa. Tangu mwaka 2021 Nairobi ina Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake inataka kesi iamuliwe katika siku 60. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Mahakama hiyo haisikilizi ugomvi wa nani mwenye ardhi, basi usiende huko kudai ploti. Nenda ukadai pesa ulizompa mtu naye hakukupa kitu alichoahidi. Lakini utakwenda na nini mkononi? Karatasi yenye kiasi, tarehe, sahihi na mashahidi. Mkono mtupu haulambwi.

MNYORORO MKUBWA

Ndugu, tusimlaumu mwenye ploti peke yake. Yeye amejifunza kwa wakubwa.

Tazameni Soweto Mashariki, hapo hapo Kibera. Mwaka 2009 watu walihamishwa wakapelekwa katika nyumba za muda huko Lang'ata, ili vibanda vyao vivunjwe na nyumba za ghorofa zijengwe. Palikuwa na kesi mahakamani, palikuwa na maneno, na ujenzi ukaanza mwaka 2012. Funguo zikatolewa mwaka 2016. Nyumba 822 zilingojewa miaka 7! Na kwa kuwa nyumba za Lang'ata zilikuwa zimejaa watu wanaongoja, wa sehemu nyingine ya Soweto hawakuweza kuhamishwa nao. Mmoja hajatoka, mwingine hawezi kuingia. Ni mnyororo ule ule, ila huu ni wa serikali.

Na sasa kuna makato ya nyumba. Mahakama Kuu iliyakataa makato ya kwanza mwezi wa Novemba 2023, lakini sheria mpya ya mwaka 2024 imeyarudisha: asilimia 1.5 ya mshahara kwa mfanya kazi, na kiasi hicho hicho kwa mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 30,000 anakatwa shilingi 450 kila mwezi, awe atapata nyumba au asipate. Kukatwa si kupewa, wala kujiandikisha si kupewa.

Jambo hili linatuhusu hasa katika habari hii tunayoizungumza. Siku hizi muuzaji wa Laini Saba anakwambia: "Nimejiandikisha katika nyumba za serikali. Nikipata ufunguo tu, ploti ni yako." Ndugu, mtu huyo hana nyumba. Ana jina katika orodha. Naye akiisha kupata nyumba, sheria ile inasema hawezi kuiuza bila ruhusa ya maandishi ya bodi. Kwa hivyo akibadili nia asipende ghorofa, hana njia rahisi ya kuigeuza nyumba hiyo kuwa pesa ili akurudishie zako. Usimpe hata senti tano kwa ahadi hiyo. Mwambie: ukipata ufunguo, nitafute, nami nitakuja na pesa.

MWENENDO TUNAOUTAKA

Twawaomba wenzetu wote wanaotaka kununua, iwe ploti ya mabati Kibera, iwe nyumba yenye hati kwingineko, washike mambo haya:

1. Muulize muuzaji, "Wewe unakwenda wapi?" Kisha uende ukapaone kwa macho yako. Kama huko naye anangoja mtu, uliza huyo mtu anangoja nani. Kuuliza si ujinga.

2. Yaandikwe yote: bei, arubuni, siku ya kuhama, na adhabu ya kila wiki ikiwa siku hiyo itapita. Kila mmoja atie sahihi na nambari ya kitambulisho, na pawe na mashahidi wawili ambao si ndugu za muuzaji.

3. Arubuni isizidi sehemu moja ya kumi. Hiyo ndiyo desturi hata kwa mawakili wanaouza nyumba za mamilioni, ambao kwa kawaida humaliza mambo katika siku 90. Kama tajiri anatosheka na sehemu moja ya kumi, kwa nini maskini adaiwe nusu?

4. Arubuni iwekwe kwa mtu wa tatu, kama vile wakili, na iandikwe ya kwamba muuzaji hataigusa mpaka atakapotoka. Akisema anaihitaji ili alipe kule anakohamia, basi umekwisha kujua ya kuwa njia si wazi.

5. Pesa zipitie benki au M-PESA, zisipitie mfukoni. Noti hazina kumbukumbu.

6. Baki italipwa siku ya ufunguo, mlangoni, wala si siku moja kabla.

7. Siku ya kuhama ikipita na mnunuzi amekwisha kulipa, kodi ya rumu zote ni ya mnunuzi tangu siku hiyo. Na muuzaji alipe ya rumu anayokaa.

Hili la mwisho lina neno juu ya wapangaji. Wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji, nao ni wafanya kazi kama sisi: mjakazi, mlinzi, fundi, mama wa mboga. Katika ugomvi wa muuzaji na mnunuzi wao ndio huumia. Huyu anakuja tarehe 1 kudai kodi, yule anakuja tarehe 3 kudai kodi hiyo hiyo, na asiyelipa mara mbili anang'olewa mlango. Wapangaji waambiwe kwa maandishi kodi inalipwa kwa nani. Na mwenzetu atakayeingia akawa mwenye ploti, asiwaongezee kodi ili kufidia hasara aliyotiwa na muuzaji. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumetoka katika chama cha wafanya kazi tukaingia katika chama cha wanyonyaji, hata kama kadi bado tunayo.

MATAKWA YETU

Kwa viongozi wa chama chetu twasema hivi. Neno la makao limeachwa kuwa shida ya kila mtu na nyumba yake, kana kwamba halihusu kazi. Linahusu. Mtu anayekatwa 10,000 kwa nyumba asiyoiona huja kazini na njaa, na mtu mwenye njaa haendi kwenye mgomo wala mkutano. Anamwogopa bwana mkubwa kwa sababu ya deni. Twataka mambo matatu.

Kwanza, sako zetu ziwe na mkopo wa nyumba ambao ukikubaliwa, pesa zinakaa sako mpaka siku ya ufunguo, nazo zilipwe kwa muuzaji moja kwa moja. Makato yaanze baada ya mfanya kazi kuingia. Sako ina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Muuzaji anayemcheka mfanya kazi hatacheka sako yenye wanachama elfu.

Pili, kila tawi liwe na mtu anayejua kuandika mapatano haya, na nakala tupu za mapatano zikae ofisini, katika Kiswahili, ili mtu asiandike juu ya karatasi ya daftari usiku akiwa na haraka.

Tatu, chama kiiulize serikali hadharani: kati ya wafanya kazi wa reli wanaokatwa makato ya nyumba, ni wangapi wamekwisha kupewa nyumba? Watupe hesabu, nasi tutaitoa katika kurasa hizi.

Kwa wauza ploti wa Laini Saba twasema bila chuki. Wengi wenu ni maskini kama sisi, na tunajua mnataka watoto wenu walale mahali pasipovuja. Nanyi huko mbele mnaumizwa kama mnavyotuumiza. Yule wa Rongai amewafanyia ninyi yale yale mnayotufanyia. Basi mkataeni, kama sisi tunavyowakataa ninyi. Kila mtu akikataa kutoa pesa kabla ya ufunguo, hakuna pesa itakayopotea katikati, na mnyororo huu utakuwa na faida moja: wote watahama siku moja.

Mpaka siku hiyo, ndugu, njia ya mbele haijawa wazi. Usiachilie gari.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa kazini.